Pamba Ndani ya Njuga

Nilipokuwa na miaka tisa, mguu wa mama yangu ulizikwa nyuma ya nyumba yetu, na mama mwenyewe alikuwa hai, amelala hospitali kule Bariadi. Habari hii sijaisimulia kwa watu wengi. Mimi si mtu wa maneno, hata kwenye vikao vya wazazi wa chekechea huwa nakaa nyuma, karibu na mlango. Lakini mtoto wangu ameanza kuuliza mguu mwingine wa bibi yake uko wapi, na nimeona kabla ya kumjibu yeye, niiandike kwanza, ikae sawa kichwani mwangu.

Kijiji chetu kiko upande wa Zagayu. Huko kila nyumba ina shamba la pamba na kila mwaka baada ya mavuno kuna ngoma. Vikundi vinashindana, na watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kutazama. Kikundi cha wanawake wa kwetu kilikuwa kinaongozwa na mama. Jina lake Minza. Wenzake walifunga njuga miguu yote miwili, yeye alifunga mguu wa kulia tu. Alisema wa kushoto ni wa kusimamia, wa kulia ndio unaoongea.

Njuga zenyewe zilikuwa saba, za chuma, zimeshonwa kwenye ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Ndani ya kila moja mlikuwa na kijiwe, ila moja ilikuwa imepoteza kijiwe chake, ikawa bubu. Niliijua ni ipi, kwa sababu kazi ya kuzipaka mafuta ilikuwa yangu.

Mwaka huo nyoka, moma, alimgonga mama shambani, tukiwa tunachuma pamba. Alimgonga juu ya kifundo, mguu ule ule wa kulia. Aliyekuwa mstari wa jirani ni Ngolo, rafiki yake, mjane aliyekaa nyumba ya ng'ambo ya ua wetu wa minyara, na ambaye kwenye ngoma alikuwa wa pili nyuma ya mama. Ngolo alichana khanga yake, akaufunga mguu chini ya goti, akakaza kwa nguvu zake zote. Alikuwa analia huku anakaza. Hakuna aliyekifungua kile kitambaa mpaka jua lilipozama. Kisha zikapakwa dawa za mizizi. Siku ya tatu baba akakodi pikipiki, na walipofika hospitali mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi.

Baba aliporudi kutuambia kuwa utakatwa, alieleza maneno ya daktari kama alivyoyasikia: sumu imefanya kazi yake, na kitambaa nacho kimefanya kazi yake. Bibi, mama yake baba, hakuyasikia yale ya sumu.

"Kitambaa," alisema. "Mmesikia? Kitambaa."

Hospitali waliuliza kama familia itauchukua mguu au itawaachia wao. Baba aliona aibu kuuacha. Na Bibi alikuwa ameshaagiza uletwe, kwa sababu kwetu wazee walisema kiungo kikikatwa kinatangulia, kinakwenda kumsubiri mwenyewe. Kwa hiyo kizikwe kwa adabu. Kilale kama kilivyozoea kulala, kisikunjwe, kisifungwe, kisiwekewe kitu chochote. Kikifungwa, mwenyewe atajisikia amefungwa. Kikiwekewa kitu cha kukikera, mwenyewe atakereka mpaka siku wakutane. Niliyaamini hayo kama nilivyoamini kwamba mvua hutoka juu.

Baba alifika mchana na baiskeli, nyuma amefunga mfuko wa salfeti. Akaushusha chini ya minyara.

"Kabula, kaa hapa. Mbwa asisogee."

Akaenda kuchukua jembe na kumwita Bibi aliyekuwa bombani.

Sikuogopa kama mtu anavyoweza kufikiri. Nilifungua mfuko, nikaona khanga ya mama, ile ya maua ya njano, nikaifunua kidogo upande wa chini. Kilitokea kisigino. Kilikuwa na gaga lile lile ninalolijua, ambalo mama alilisugua kwa jiwe kila Jumamosi jioni ili Jumapili aende kanisani na miguu safi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni yeye kweli. Nikaona huruma. Mguu ule ulikuwa haujawahi kwenda mahali bila mwenzake, na sasa ulikuwa unapelekwa peke yake, mtupu, kama wa mtu asiyejulikana. Njuga sikuzihesabu kuwa kitu cha kuukera, zilikuwa zake.

Nikakimbia ndani, nikazitungua njuga kwenye msumari. Zikalia. Nikasimama katikati ya chumba nimezikumbatia. Kwenye kona kulikuwa na rundo la pamba iliyokuwa inasubiri kupelekwa kwenye mizani. Nikachomoa pamba, nikaisukuma kwa kidole ndani ya kila njuga mpaka ikanyamaza. Njuga sita. Ya saba sikuigusa, ilikuwa bubu tayari. Kisha nikarudi, nikaufunga ule ukanda kwenye kifundo, mafundo mawili, nikafunika.

Bibi alinikuta nimekaa, mkono juu ya mfuko.

"Kuna kilichousogelea?"

"Hapana, Bibi."

Ukazikwa hivyo.

Mama alirudi baada ya wiki tatu. Baba alikuwa amemchongeshea magongo kwa fundi, akayaegemeza ukutani karibu na kitanda, na hapo yakakaa mpaka buibui akajenga. Mama alilala ameelekea ukuta. Hakutaka kutoka nje. Hakutaka mtu amwogeshe, na mwenyewe hakuoga sawasawa. Wageni walipobisha mlangoni kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!", yaani habari za asubuhi, mama, alivuta shuka mpaka kichwani na mimi ndiye niliyetumwa kusema amelala.

Ngolo alikuwa ametupikia muda wote mama alipokuwa hospitali, na aliendelea. Kila asubuhi alipita kwenye pengo la ua na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, amevichemsha na karanga. Mama hakumsemesha. Ngolo aliweka bakuli chini, akaongea na mgongo wa mama habari mbili tatu za kijiji, akaondoka.

Halafu yakaanza yale maumivu.

"Baba Kabula, ninyooshe vidole. Vimekunjamana."

"Vidole gani, Minza?"

"Vya mguu."

Baba akavishika vya mguu wa kushoto.

"Siyo huo," mama akasema.

Siku nyingine nilikuwa naingia na sahani ya ugali, nikamsikia anasema, "Unarukaruka. Unaruka wenyewe, na kuna kitu kimeufunga hapa." Alikuwa ananyoosha mkono, anashika hewa mahali ambapo kifundo kingekuwa. Sahani ilinitoka mikononi. Baba alinigombeza kwa ugali uliomwagika, na mimi nikashukuru kugombezwa kwa ajili ya ugali.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikitafuta namna ya kufukua peke yangu. Nilijaribu mara moja kwa kijiti, udongo ulikuwa umeshakauka kama tofali. Kila mama alipoguna ndani, nilihesabu mafundo yangu: moja, mbili.

Bibi alisikiliza maguno hayo zaidi ya mwezi. Mwisho akatuita uani, baba na mimi.

"Mguu umelala vibaya. Au umewekewa kitu. Masanja, uliweka kitu?"

"Mama, tulikuwa wote."

"Kabula?"

Ningeweza kusema pale. Mpaka leo huwa narudi kwenye ua ule na kujaribu kumfungua mdomo yule mtoto.

"Hapana, Bibi."

"Basi kesho asubuhi unafukuliwa."

Asubuhi niliambiwa nikae ndani. Nilijificha kwenye kona ya jiko. Baba alichimba polepole. Bibi alisimama na pembe ya khanga puani. Baba aliinama, akafunua kitu kidogo kwa mkono, kisha akainua ncha ya jembe. Kwenye ncha ulining'inia ule ukanda. Njuga zilikuwa na kutu, na kwenye midomo yake ilichungulia pamba, imekuwa ya kahawia.

Bibi alirudi nyuma hatua mbili.

"Zimezibwa midomo," alisema. "Umeona, Masanja? Mtu amezifunga njuga na kuziziba midomo."

Baba aliendelea kuutazama ule ukanda.

"Nani alikuwa anaingia humu ndani Minza alipokuwa hospitali? Nani alijua zilipotundikwa? Na nani anaongoza mstari sasa hivi?" Sauti yake ilikuwa inapanda. "Alimfunga shambani. Akaona haitoshi, akamfunga na humu."

Wakati huo huo Ngolo akatokea kwenye pengo la ua na bakuli lake.

"Mwangaluka! Mbona mmeamkia jembe? Mnapanda viazi hata jirani hamumwambii?"

Hakuna aliyecheka. Ngolo akatazama shimo, akatazama jembe.

"Hizo si za Minza?"

"Tuambie wewe," Bibi akasema.

"Niwaambie nini, mayu?"

"Usiniite mayu. Masanja, kalete filimbi."

Msomaji wa mbali huenda hajui filimbi maana yake nini kwetu. Ni filimbi ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Ikipigwa, kila mwanaume anatoka na fimbo, na anayenyooshewa kidole siku hiyo hana wa kumsikiliza. Mwaka uliotangulia mwanamke mmoja wa kitongoji cha pili alitajwa hivyo. Nyumba yake ilibomolewa, tukakatazwa kumpa hata moto au maji. Aliondoka na kuku mmoja kwapani, na sijasikia tena habari zake.

Baba alisita. Kisha akatua jembe, akaanza kutembea kuelekea ndani. Ngolo hakukimbia. Alibaki amesimama, bakuli mikononi, na nikaona karanga zinaruka juu ya michembe kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka.

Filimbi ilitundikwa chumbani kwa mama. Nilimpita baba mbio.

"Mama, ni mimi."

Mgongo wake haukusogea.

"Mama, ni mimi niliyeuvalisha njuga mguu. Wanasema ni Ngolo. Baba anakuja kuchukua filimbi."

Baba alikuwa ameshaingia, mkono umeshafika ukutani. Mama akageuka. Ilikuwa siku nyingi sijauona uso wake mzima.

"Ulifanyaje?"

"Niliufungua nikauvalisha. Nikatia pamba zisilie."

"Zote?"

"Sita. Ile bubu sikuitia."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akasema, bila kuniondolea macho, "Masanja, acha hiyo filimbi."

"Minza, huyu mtoto anamtetea. Ngolo amempikia miezi—"

"Nipe magongo."

Hakuwa amewahi kuyashika. Alifika nayo mlangoni, gongo moja likateleza, akaanguka upande. Baba akamkimbilia.

"Usiniguse."

Akakaa chini, akaanza kujivuta kwa mikono. Aliuvuka ua wote hivyo, khanga imepanda, kile kipande cha chini ya goti kiko nje, bado chekundu, mchana kweupe, kuku wanampisha. Watoto wa jirani walikuwa wameshajaa nyuma ya minyara. Mama, ambaye alikuwa hataki hata mimi nimwone akioga, alipita mbele yao wote. Mimi nilimfuata nimebeba magongo, sijui kwa nini niliyabeba.

Alipofika shimoni alinyoosha mkono. "Nipeni."

Baba akampa zile njuga. Mama akaanza kuchomoa pamba kwa ukucha, moja moja, anaitupa chini. Sita. Akafika ya saba, akaigeuza, akaitikisa, akaingiza kidole. Akamwinulia Bibi.

"Hii haina kitu. Kabula ameniambia ndani kwamba hii hakuitia pamba, na hakuna kati yenu aliyekuwa amezichunguza. Na fundo hili ni la kamba za viatu vya shule, nilimfundisha mimi. Ngolo hajavaa viatu vya kamba tangu azaliwe."

"Kweli kabisa," Ngolo alisema kwa sauti ndogo sana. "Sijavaa."

Bibi aliondoa macho kwenye njuga. Akanitazama. Nilingoja anipige, nilitaka anipige, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi na mimi, kwa sababu mama alikuwa ameinama kwenye shimo.

"Minza, usitazame," baba akasema.

Alitazama. Sitaeleza alichokiona, ilikuwa miezi miwili imepita na mwenye akili anajua. Alitazama bila kuziba pua.

"Kumbe mdogo hivi," akasema.

Halafu akalia. Hakuwa amelia hata siku moja tangu arudi, alikuwa anaguna tu. Sasa alilia kwa sauti ya msibani, ya mtu aliyefiwa.

"Mmeuzika bila mimi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Mguu wangu, na mmeuzika bila mimi."

Ngolo alikuwa na kila sababu ya kugeuka na kwenda kwake. Aliweka bakuli chini, akaja akakaa karibu na mama, wakashikana, wakalia wote wawili. Ngolo alirudia neno moja tu, "Nilikaza sana, Minza, nilikaza sana," na mama akajibu, "Ulikaza ili nisife." Bibi alisimama peke yake. Kisha taratibu akafungua kilemba chake, akakaa chini ardhini, miguu ameinyoosha mbele, kama wanawake wanavyokaa matanga.

Baadaye Bibi alisema njuga zitupwe mtoni. Mama akakataa.

"Zinarudi. Iliyokuwa inanibana ni pamba."

Akanipa mimi zile njuga nizirudishe shimoni. Safari hii sikufunga. Niliziweka tu kando ya mguu, na zilipogusa udongo zililia kidogo. Baba akafukia.

Michembe ililiwa pale pale, imepoa. Kesho yake Bibi alilichukua lile bakuli mwenyewe, akalijaza mayai, akapita kwenye pengo la ua ambalo hakuwahi kulipita. Alikaa kwa Ngolo mpaka jua likawa kali. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba tangu hapo Ngolo alimwita mayu na hakukatazwa.

Mimi sikupigwa. Mama aliniita jioni, akaniambia nikae, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia niliona mguu unakwenda peke yake. Alinivuta kichwa, akaanza kunitafuta chawa ambao sikuwa nao.

Ningependa kuandika kwamba maumivu yaliisha siku ile. Hayakuisha. Vidole viliacha kukunjamana, lakini mguu uliendelea kuruka, mpaka leo mvua ikikaribia unaruka. Bibi mpaka anafariki alishikilia kwamba ni kwa sababu ya zile njuga. Mama yeye husema, "Unacheza huo. Nao una njuga zake, nitaukatazaje?" Alijifunza magongo. Kuna siku aliwarushia kuku gongo kwa hasira, kuna siku alirudi ukutani. Lakini ukutani hakukaa tena zaidi ya siku moja au mbili. Kwenye ngoma alipelekwa na baiskeli, akawekewa kigoda, akawa ndiye anayeanzisha nyimbo, na mstari ulimfuata Ngolo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maumivu yote ya mama niliyasababisha mimi kwa mafundo mawili. Nesi mmoja amenieleza kwamba waliokatwa viungo wengi wanasikia hivyo, wawe wamezikiwa vizuri au vibaya, ni mishipa tu. Nimemwelewa, na sina ubishi naye. Lakini nesi hakumwona mama akitazama ndani ya lile shimo.

Na kuna jambo jingine, ambalo huwa silisemi mbele za watu. Nilipojifungua mtoto wangu huyu anayeuliza maswali, damu haikukata. Nilipasuliwa, na nilipozinduka nikaambiwa kizazi kimetolewa, vinginevyo ningekufa. Nilimuuliza nesi wamekiweka wapi. Akanipapasa mkono akaniambia nipumzike, akidhani nimechanganyikiwa. Wote waliokuja kuniona waliniambia nishukuru, mtoto ninaye, uhai ninao. Nikashukuru. Wakishaondoka nilikuwa nageukia ukuta, na sikugundua kwamba ninafanya hivyo mpaka mama alipoingia kwa magongo yake, akasimama akanitazama mgongo, asiniambie nishukuru.

Nilipopata nguvu alinichukua kwenda nyumbani. Siku ya pili, asubuhi, akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Umeshakililia?"

"Nitakililiaje, mama? Hata sijakiona."

"Mimi wangu nilikuwa nao miaka thelathini, na bado ilibidi nikautazame."

Kwake kukaa chini ni kazi. Aliweka gongo moja, akaweka la pili, akajishusha kwa mikono kando ya ile sehemu, ambayo sasa ni majani tu kama kwingine. Hakuniambia la kufanya. Alijisogeza kidogo, akaniachia nafasi.

Nikakaa. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Sikuwa na kitu cha kuzika, nilikuwa na mikono mitupu tu. Nikaanza kulia taratibu, kama ninavyofanya kila kitu, halafu sauti ikatoka ambayo sikujua kama ninayo, mpaka Ngolo, ambaye sasa ni mzee, akaja mbio kwenye pengo la ua akiuliza nani amekufa.

Mama hakugeuka. "Njoo ukae," akamwambia.

Akaja akakaa.